Tangazo la Kukomesha Kutu

Jumatatu ya kwanza ya Machi 1997, saa mbili na nusu asubuhi, kutu ilipigwa marufuku mjini Kigoma.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Ofisi ya Uratibu wa Usafiri wa Dharura, likiwa na mihuri miwili, mmoja umepigwa juu ya mwenzake kwa msisitizo. Lilieleza kuwa baada ya kikao cha siku tatu, Kamati ya Uhai wa Magari imejiridhisha kwamba gari la ofisi halina kutu tena. Madoa ya kahawia yaliyosalia yatatambuliwa kama "mabadiliko ya rangi yasiyoidhinishwa", na mtumishi atakayeyaita vinginevyo atajieleza kwa maandishi.

Selestini, dereva wa gari hilo, alilisoma mara mbili. Kisha akaenda kufungua mlango wa gari, nao ukabaki mkononi mwake. Akauegemeza ukutani taratibu, asije akaonekana anapinga.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu yenye turubai na mabenchi mawili nyuma, iliyoanza kazi Selestini akiwa darasa la tatu. Kila siku ilipanda Manyovu, mpakani, kuchukua wagonjwa miongoni mwa watu waliovuka wakikimbia vita vya Burundi, ikawateremsha hospitali mjini. Mwezi uliopita, kwenye mteremko wa Kalinzi, ekzosi ilikatika kwa kutu ikaanguka. Tangu hapo gari lilinguruma kama mashine ya kusaga, na moshi ukawa unatokea chini ya injini, unapenya matundu ya sakafu na kujaa ndani ya turubai. Watoto walikuwa wakitapika. Ijumaa, mama mjamzito aitwaye Caritas alishushwa hospitali akiwa amezimia.

"Wewe dereva," nesi alimfokea Selestini, "umetuletea wagonjwa au umewabanika kama samaki wa migebuka?"

Caritas alizinduka, lakini Selestini alishindwa kula siku nzima. Ndiyo maana Jumatatu hiyo, tangazo au si tangazo, aliingia kwa Mratibu, Bwana Oswald.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesoma tangazo?"

"Nimesoma. Naomba ekzosi mpya."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ilianguka Kalinzi."

"Kwa kibali cha nani?"

Bwana Oswald, ambaye hakupenda kumwacha mtumishi gizani, alimsomea kanuni: kifaa kipya hutolewa baada ya cha zamani kurejeshwa.

Selestini akaufunga mlango wa gari kwa waya, akapanda Kalinzi. Ekzosi aliikuta kwa mama mmoja mkulima wa kahawa, Verediana. Ilikuwa imetokezea juu ya paa la jiko lake, inafuka moshi vizuri kabisa.

"Mwakeye, mama," Selestini alimsalimia kwa Kiha. "Hiyo ni ekzosi ya serikali."

"Mbona ilikuja yenyewe?" alisema Verediana. "Ilibingirika mpaka hapa nikiwa napepeta kahawa. Tangu niiweke pale, macho yangu yamepona. Kwani kwenu ilikuwa inafanya kazi?"

Selestini alikiri kwamba haikuwa inafanya.

Aliporudi na taarifa hiyo, Bwana Oswald alifurahi. "Basi haijapotea. Ipo kazini. Na kifaa kilicho kazini hakibadilishwi." Akafunga faili.

Katika kituo cha mapokezi karibu na bandari alikuwepo fundi mkimbizi, Jean de Dieu, aliyetengeneza magari Bujumbura kwa miaka ishirini na sasa alikuwa akingoja kupelekwa kambini. Selestini alimwomba aangalie tu. Jean de Dieu alijilaza chini ya gari, akagusa sakafu kwa bisibisi, na bisibisi ikatokea juu.

"Ayii, mzee! Hapa bati lilishakwisha. Wagonjwa wenu wanakalia rangi."

"Linatengenezeka?"

"Ego, linatengenezeka. Nikate bati la pipa, nichomelee. Nisugue chuma kwa brashi ya waya mpaka king'ae, nipake rangi ya kuzuia kutu, halafu oili chafu chini kote. Ekzosi naunga kwa bomba la chuma. Siku mbili."

Selestini alipeleka pendekezo hilo ofisini mbio mbio. Bwana Oswald alilisikiliza kwa masikitiko.

"Nikimruhusu azuie kutu, si nitakuwa nimekiri kwamba ipo? Halafu mkimbizi ni mtu wa kuhudumiwa. Akianza kutuhudumia sisi, takwimu zote zinavurugika. Mwambie asiguse gari bila kibali changu cha maandishi."

Badala yake gari likapakwa rangi ya buluu, tabaka la tano, na Mratibu akasaini cheti: *Sakafu imara. Inafaa kubeba binadamu.*

Selestini aliweka ufunguo mezani. Alikuwa na watoto wanne nyumbani.

"Sibebi tena mgonjwa kwenye gari hili, mzee. Kama ni kunifukuza, nifukuze."

Bwana Oswald angemfukuza papo hapo, lakini kesho yake mkaguzi kutoka Dar es Salaam alikuwa anaingia kwa treni, na hakuna mtu mwingine aliyejua kuliwasha gari hilo. Akaahirisha hasira hadi Alhamisi, na Selestini, kwa kuwa mkaguzi si mgonjwa, akakubali kuendesha.

Mkaguzi alikuwa Mama Leonia, mtu wa maneno machache. Stesheni, Bwana Oswald alimkaribisha akae mbele na dereva. Yeye mwenyewe, ili kuthibitisha ubora wa huduma, atakaa nyuma, mahali pa wagonjwa. Selestini alianza kusema jambo la sakafu, Mratibu akamwonyesha usukani. Wakaondoka.

Walipovuka reli gari liliruka kidogo. Selestini alihisi limekuwa jepesi, akafurahi. Kwa kuwa halikuwa na ekzosi, hakusikia kitu kingine chochote. Ila aliona watu wakitoka madukani na kupiga makofi.

"Kaza, mzee! Kaza!"

Mama Leonia, aliyedhani anakaribishwa, aliwapungia mkono. Walifika mpaka mtaa wa Kasingirima hivyo hivyo, ndipo muuza dagaa mmoja akasimama katikati ya barabara na kutanua mikono.

Selestini akazima injini, akazunguka nyuma. Sakafu ilikuwa imefunguka. Bwana Oswald alikuwa amezama hadi kiunoni, ameshikilia benchi kwa mikono miwili, miguu yake ikiwa barabarani na kiatu kimoja tu. Kwa ustahimilivu wake alikuwa amekimbia kutoka relini, huku moshi wote ukimpanda usoni.

Mama Leonia alichungulia chini ya gari, akatazama juu, akatoa cheti alichokabidhiwa stesheni.

"Bwana Oswald, hapa umeandika sakafu imara."

"Ni imara, mama," alikohoa Mratibu. "Isipokuwa hapa."

"Hapa pana nini?"

Bwana Oswald aliwatazama watu. Walikuwa wengi, na wote wametulia wanamsubiri.

"Kutu," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Kutu, mama! Kutu tupu!"

Jean de Dieu aliitwa aje na mkasi wake wa bati. Alimsalimia Mratibu kwa heshima, akakaa kando. Alikuwa ameelezwa, alisema, asiguse gari bila kibali cha maandishi. Ikabidi karatasi itafutwe, na Bwana Oswald akaandika kibali akiwa nusu ndani, nusu barabarani, kwa mwandiko ambao haukuwa wake wa kawaida.

Alipotolewa, Mama Leonia alitoa agizo moja tu: kuanzia sasa, aliyesaini cheti cha gari la wagonjwa atapanda nalo kila safari, kwenda na kurudi, benchi la nyuma.

Safari iliyofuata ya Manyovu ilisogezwa hadi Jumamosi, gari litengenezwe kwanza. Asubuhi ya Alhamisi, Selestini aliwahi ofisini akajue kama bado ana kazi. Gari lilikuwa juu ya magogo uani. Chini yake ilitokeza miguu ya watu wawili, na ile yenye soksi za ofisini ilikuwa imetapakaa oili chafu.

"Na hapa, fundi?" iliuliza sauti ya Mratibu, kwa unyenyekevu. "Hapa si pameshang'aa?"

"Hapo bado, mzee," alijibu Jean de Dieu. "Sugua."