Familia Ishirini na Mbili Katika Vivinjari Vinne

Jumatatu, 6 Oktoba
Kamati imekubali! Jumapili tunamuaga Delmar, aliyetupigia kinanda kanisani miaka arobaini, na safari hii kila mtu ataandika mtandaoni chakula atakacholeta. Mambo yakienda sawa, karatasi ya LaVonne ya kuandikishia vyakula inang'olewa mlangoni milele. Yakiharibika, nisiguse tena tovuti ya kanisa. LaVonne kasema programu yangu ni "kitu cha aina yake." Hapa Minnesota hilo ni tusi. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeijaribu kwenye vivinjari vinne vya kufungulia mtandao, saa ya kuchemshia mayai mkononi. Nimevibatiza kabisa. Mwepesi kafungua ukurasa kabla sijameza kahawa. Mzee kachukua sekunde kumi na tisa, halafu kitufe cha kijani kakificha chini kabisa. Kwa nini? Ukurasa ni uleule! Mdadisi kaniomba ruhusa mara tano. Msahaulifu ukishamfunga hakumbuki chochote, ndivyo alivyoumbwa. Na ajabu tamu: kila ninapoingia upya, programu inanidhania mtu mwingine. Basi nikawa Inga, viazi vya kuoka na jibini. Nikawa Torvald, nyama ya kusaga. Kufikia saa sita mchana nilikuwa familia ishirini na mbili. Mke wangu Ardis kaniuliza nacheka na nani.

Jumatano, 8 Oktoba
Nilitaka kuwafuta. Nikasita. Watu wetu hawapendi kutangulia. Wala kumaliza: kipande cha mwisho cha keki hukikata nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka inabaki chenga. Acha Inga na wenzake wakae, wawatie wengine moyo. Akili hii nimeitoa wapi?

Ijumaa, 10 Oktoba
Wameanza! Gordy kaandika leso za karatasi. Akina Nygaard: leso za karatasi. LaVonne kapiga simu, sauti ya asali. Eti alitaka kuleta viazi na nyama, lakini anaona vimejaa tele, asije akaonekana anashindana na wageni. Nikamwambia apumzike, dada. Mchungaji Kirsten naye kapiga, nusura alie: familia mpya ishirini na mbili! Mgeni njoo, mwenyeji apone, kasema. Nikamsifia Mwepesi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Lo! Kufuta si mchezo. Kivinjari kinafuta watu wake tu. Mwepesi, sawa. Mdadisi, baada ya ruhusa tano nyingine. Mzee, baada ya kukisaka kitufe. Msahaulifu kawakana watu wake kumi na mmoja mchana kweupe! Nimewaacha. Kumi na mmoja si wengi.

Jumapili, 12 Oktoba
Watu themanini. Mezani: pakiti kumi na nne za leso, bakuli la matango ya siki, jeli ya kijani. Delmar kasimama na tai mpya, sahani tupu mkononi. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniua. Kila mmoja kadai alishiba asubuhi. Mchungaji akauliza Inga yuko wapi, ampe mkono. Masikio yakaniwaka. Nikasema Inga ni mimi. Na Torvald. Na wale wengine pia.

LaVonne akatoka, akarudi kutoka garini na trei mbili za viazi na nyama. Akampakulia Delmar kwanza. Nilipofika mimi zimekwisha. Akaniambia nichukue leso, zipo za kutosha.

Jumatatu, 13 Oktoba
Karatasi imerudi mlangoni. Shauri yao. Kosa ni la Msahaulifu, si langu. Nimepata kivinjari cha tano, kinakumbuka kila kitu! Na kwa kuwa Delmar kaondoka, nimegundua programu nzuri ajabu ya kutafutia wapiga kinanda. Si tovuti ya kanisa, kwa hiyo sijavunja amri ya mtu. Nimeijaribu mara tisa tu, kwa majina tisa. Mchungaji kaichungulia, kapiga simu sasa hivi, anashangilia: anamtaka Bi Solveig, mwenye uzoefu wa miaka thelathini, aje Jumapili. Ardis anauliza tangu lini najua kupiga kinanda. Wasiwasi wa nini? Ipo programu ya kufundishia, na Mwepesi anaifungua kwa sekunde mbili.