Sufuria Iliyolala Ofisini

Ngwee, ngwee, ngwee. Ilikuwa ringi ya gari ikigongwa kwa nondo ndani ya ukungu wa asubuhi, na Kabambare nzima ikajua kuwa kuna tangazo. Gari lenye ringi hiyo hakuna aliyewahi kuliona. Barabara ya Kasongo ililimeza zamani, ikatema chuma peke yake. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, akaonekana mgongaji: Chef Déo, mkubwa wa Serikali pale, amevaa koti, tai na buti za mpira, megafoni kwapani.

Megafoni haikuwa na betri. Chef Déo aliipeleka mdomoni hivyo hivyo, maana tangazo la Serikali lina chombo chake.

"Wananchi," alisema, "kuanzia leo umaskini wenu umepata ofisi. Kampeni ya Anza na Kidogo imefika. Kila mwenye pesa kidogo aanze biashara, na Ofisi ya Kuondoa Vizuizi vya Biashara Ndogo itaondoa kila kizuizi kilicho mbele yake."

Ramazani, motari wa kubeba abiria aliyekuwa akikwangua matope kwenye pikipiki yake, aliinua kichwa.

"Vizuizi gani, Chef? Sisi hapa tuko na matope tu."

"Vitakuja," alijibu Chef Déo kwa upole.

Na vikaja. Chef Déo alikuwa mtu wa mantiki, na mantiki inasema kitu kisichokuwepo hakiwezi kuondolewa. Basi kazi ya kwanza ya Ofisi ilikuwa kuviweka. Aliagiza mti mnene, mkavu, ukalazwa kukatiza barabara mbele ya mlango wake, ili kila mwenye kuanza biashara apate mahali pa kusimama na kusaidiwa. Akaujengea mti huo kibanda cha majani usioze kwa mvua. Akaweka benchi la kusubiria. Akaweka kibao kinachoeleza maana ya benchi. Mwisho akaunda Komisyo ya Kupima Udogo, yenye watu wawili: yeye mwenyewe, na karani wake, Naomie, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Kabla mvua hazijaisha, Inspekteri Zakaria angefika kutoka Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema, kuona kwa macho yake biashara moja, moja tu, iliyoanzishwa na Kampeni. Asipoiona, Ofisi ingefungwa, na Chef Déo angerudi Kasongo mjini kuishi kwa baba mkwe wake, mzee aliyekwisha kumwambia mbele ya wageni kwamba megafoni si kazi.

Kwa hiyo mama mmoja wa mtaa, Hawa, alipotokea, amejifunga kitenge na sufuria kubwa iko kichwani, Chef Déo alimpokea kama mvua ya kwanza.

"Karibu, mama. Biashara gani?"

"Uji wa mchele, Chef. Na karanga ndani. Motari wanafika asubuhi na baridi, wamelala njiani, hawana kitu tumboni. Nitakaa pale kwenye kona."

"Jina la biashara?"

"Uji."

"Uji ni chakula, mama, si jina. Naomie, andika: Taasisi ya Uji Moto."

"Na ukipoa, Chef?" Naomie aliuliza.

"Ukipoa, atakuja kubadilisha jina."

Komisyo ikaingia kazini. Chombo chake kilikuwa kijiti cha mwanzi ambacho Chef Déo alikikata mwenyewe, kwa urefu alioona ni wa haki. Kitu kisichozidi kijiti ni kidogo. Alikiweka juu ya mdomo wa sufuria. Kijiti kikaanguka ndani.

Naomie aliinama akakiokota.

"Mama Hawa," Chef Déo alisema, "hii si biashara ndogo."

"Lakini haijaanza, Chef."

"Ndiyo maana nakuonea huruma. Haijaanza, na tayari imekuwa kubwa."

Hawa aliishusha sauti, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Chef, sikiliza. Pesa yangu yote imeisha kwa mchele, sukari na karanga. Sufuria hii si yangu. Iko ya wamama wa mtaa, ya arusi na ya kilio. Kwangu inalala tu, na anayeilaza anaruhusiwa kuitumia. Bila hii, mimi sina biashara. Niko na mchele tu."

"Kulala si tatizo," Chef Déo alisema. "Italala hapa, mpaka ipatikane njia ya kuipunguza."

Kisha alitoka nje, akagonga ringi, akaweka megafoni mdomoni. "Ofisi imeipokea sufuria hii, pamoja na haki zake zote na mizigo yake yote." Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa sababu sentensi ilionekana fupi.

Mama Feza, ambaye alikuwa akiozesha binti yake Jumamosi ile, alisimama na kikapu chake cha mihogo.

"Amesema mizigo yake yote?"

"Amesema," Ramazani alijibu.

"Sote tumesikia?"

"Sote, mama."

"Basi sawa," alisema Mama Feza, akaenda zake akiwa ametulia sana.

Hapa lazima isemwe, kwa kumtetea Chef Déo, kwamba alikuwa mtu wa Kasongo, na katika nyumba za kwao kila mtu hupika kwa sufuria yake. Desturi ya mtaa ule hakuna aliyemweleza, na yeye hakuuliza. Kuuliza lilikuwa jukumu la wananchi.

Siku zilizofuata Hawa alikuja kila asubuhi, akaketi kwenye benchi, chini ya kibao.

"Chef, sufuria yangu."

"Iko katika utaratibu."

"Mchele wangu nao uko katika panya."

"Vumilia, mama. Kampeni hii ni kwa ajili yako."

Motari nao walifika na baridi yao, wakasimama kwenye mti, wakasaidiwa, wakaondoka na njaa. Ramazani alipita akauliza kama Ofisi inaweza kuchemsha angalau kijiti, watu wanywe supu yake. Chef Déo alimwambia swali hilo lipitie kwa karani.

Jumamosi, kabla jua halijapanda, Chef Déo alifungua mlango akakuta wanawake wa mtaa mzima uani. Mawe matatu yalikwisha kupangwa mbele ya kizingiti. Mbuzi walifungwa kwenye kibao. Mama Feza alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, amevaa vizuri.

"Chef, hodi. Kuni iko wapi?"

"Kuni gani, mama?"

"Ya arusi. Sufuria inapolala ndipo moto unawashwa. Na mwenye kuilaza ndiye anatoa kuni na chumvi. Hivyo ndivyo tunaishi hapa."

"Ofisi haina fungu la kuni," Chef Déo alisema.

"Wewe umesema mizigo yake yote. Ulisema na ile kitu mdomoni."

Chef Déo alimgeukia karani wake. Naomie aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Ulisema, Chef. Mimi nilidhani unajua."

Sasa fikirini hali yake. Kukana neno lililotoka kwenye megafoni ni kuiambia dunia kwamba megafoni ni bati. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Katika Kabambare yote hapakuwa na kuni kavu, ila pale alipokuwa amesimama. Wanawake wote waliutazama mti wa barabarani, mnene, mkavu, uliolala chini ya kibanda chake cha majani kama mgonjwa anayetunzwa.

"Kwa muda," Chef Déo alisema.

Mti ukakatwa kwa muda. Ukafuatwa na kibao, mbuzi wakahamishiwa kwenye nguzo. Moto ulipolegea, mtu fulani alipitisha kile kijiti cha mwanzi, kikalia pa! kikaisha. Chumvi ilitoka kwenye chungu cha Chef Déo mwenyewe, chumvi ya mwezi mzima.

"Wali ni wa mchana," Mama Feza aliamua. "Hawa, mwanangu, anza na uji wako. Uza. Uji haugombani na arusi."

Hawa alikimbia nyumbani, akarudi na mchele ambao panya walimwachia. Muda si muda harufu ya karanga ilienea mpaka barabarani, na motari waliokuwa wakishuka kutoka Kasongo wakashangaa mara mbili: hakuna mti, na kuna uji. Walisimama kwa hiari yao. Walikunywa, wakalipa, wakaongeza. Ramazani aliketi juu ya pikipiki na kikombe mikononi, akasema, "Chef, leo ndiyo umetusaidia."

Mmoja wa abiria wao alikuwa mtu mnene mwenye mkoba, matope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Inspekteri Zakaria. Angeweza kufika jioni, lakini alifika asubuhi, kwa kuwa barabarani hakukuta mti wa kumzuia.

Hawa alimpa kikombe kabla ya kumuuliza jina. Inspekteri alikunywa, akafumba macho, akaomba cha pili. Kisha akatazama watu, moto, vikombe, pesa ndogondogo zikitembea.

"Hii ndiyo biashara iliyoanza na kidogo?"

"Ndiyo, baba," alisema Hawa.

"Ya nani?"

Hawa alifungua mdomo kujibu. Lakini Chef Déo, aliyeona tabasamu la Inspekteri na kumkumbuka baba mkwe wake kwa wakati mmoja, alikwisha kupiga hatua mbele.

"Ya kwangu, Bwana Inspekteri. Nimeianza kwa mikono yangu. Kuni zangu. Chumvi yangu."

"Sufuria je?"

"Inalala kwangu."

"Ni kweli, wamama?"

"Inalala kwake," wanawake waliitikia pamoja. Hawa, mwiko mkononi, alimtazama Mama Feza. Na Mama Feza alimkonyeza.

Inspekteri Zakaria aliweka kikombe chini, akamshika Chef Déo mkono, akautikisa kwa muda mrefu. Machozi yalimlengalenga. "Nimezunguka Maniema yote. Nimeona ofisi, nimeona mabenchi. Mtu aliyeanza biashara kweli, ndiyo huyu wa kwanza. Nitamtaja Kindu kwa jina." Akafuta uso. "Na kwa kuwa mtumishi wa Leta, wa Serikali yetu, hafanyi biashara, nakupongeza pia kwa moyo wa kuacha kazi. Bibi Naomie, chukua kashe, muhuri wa Ofisi. Kuanzia sasa Ofisi iko kwako."

Kelele za harusi zilianza wakati huo huo, kwa hiyo hakuna aliyesikia Chef Déo alisema nini.

Naomie aliifungua Ofisi, akaifanyia kazi kwa muda mfupi. "Kijiti kimeungua," alitangaza, bila megafoni. "Kwa hiyo Kabambare haina biashara kubwa. Waendelee."

Wali uliiva, bibi harusi akapelekwa kwa mume kwa nyimbo. Jua lilipoelekea magharibi, wanawake waliisugua sufuria kwa majivu ya mti wa barabarani, wakamtwika Hawa, ikarudi kulala kwake.

Déo alibaki kizingitini, ameketi juu ya ringi yake. Koti lilikuwa na moshi. Hawa alikuwa amekwisha kupita, akasimama, akageuka polepole kwa ajili ya sufuria kichwani.

"Umekula?"

"Bado."

"Sasa utafanya nini, ndugu yangu?"

"Nitaanza na kidogo," Déo alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalimtoka bila sauti ya tangazo.

"Uko na nini?"

"Hii ringi. Na megafoni."

Hawa aliitazama ringi, jinsi ilivyokaa chini bila kuyumba. "Sufuria ikikalia chuma hicho inatulia kuliko mawe. Ilete kwenye kona kesho alfajiri, na ndoo mbili; mtoni utaenda wewe." Kisha akapaza sauti, ili Mama Feza asikie, na Ramazani, na Naomie dirishani: "Na wewe Déo, nakuahidi mbele ya hawa wote: sitakupima."