Maua ya Mama Nsajigwa na Mche Wangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Miezi minane Tukuyu, na aliyewahi kubisha mlango wangu ni mwenye nyumba tu. Kwetu Pangani wageni hawakauki mlangoni. Jirani yangu, Mama Nsajigwa, ana benchi chini ya migomba, na kando yake maua ya pinki aliyoyatoa msituni Rungwe. Kila apitaye husimama kuyasifu, kisha huketi. Nasikia vicheko vyao nikisahihisha madaftari. Upweke unauma, basi! Siri nimeijua: ni maua. Nimemwomba mche. Amenipa, akaniasa niuweke kivulini. Nimeitikia kwa adabu. Lakini mwalimu wa usanisinuru mtaa huu ni mimi. Mmea hujipikia chakula kwa mwanga. Mwanga ukizidi, chakula huzidi, na maua pia. Nimeuweka mlangoni, juani kabisa, pamoja na viti viwili.

Jumatano, 8 Oktoba
Majani yamebabuka. Viti vitupu, nimekalia kimoja kisionekane cha bure. Zakia, muuguzi wa nyumba ya pili, amepita akauliza kama nimeumwagia chai ya moto. Kisha akaenda zake kwenye benchi. Tatizo nimelibaini: mwanga hautoshi. Migomba ya mpakani huuzuia hadi saa nne.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekata migomba mitatu. Iko upande wangu. Mmoja ulikuwa na mkungu mchanga, na hapa Rungwe kuliko kuukata huo afadhali ungemtukana mtu. Mtaa mzima umetoka kutazama. Sijawahi kupata watu wengi hivyo! Hakuna aliyeketi.
Mchana benchi la Mama Nsajigwa lilikuwa juani, na maua yake yamenyauka. Hakuna kicheko popote. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi hata kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama Nsajigwa amekuja. Nilijiandaa kwa matusi. Akanisalimu ugonile kama kawaida, akanipa mche mwingine. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa darasa la tatu, kwamba ua hili limezoea kuishi chini ya miti mikubwa. Majani yake ni mapana na mepesi, yanashiba kwa mwanga kidogo. Jua kali linayaunguza. Akasema benchi amelihamishia chini ya mparachichi, kesho niende tunywe chai. Aibu ilinishika. Nikasema nitakwenda.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelitafakari somo. Kama kivuli kidogo kinaufaa, giza litaufaa maradufu. Mche uko uvunguni mwa kitanda. Dirisha nimeliziba kwa blanketi. Naandika kwa tochi ya simu, nimeifunika kwa kiganja.
Saa kumi wamebisha hodi, Mama Nsajigwa na Zakia. Wakasema chai inapoa, watu wote wananingoja. Nikabana pumzi. Ningefungua, mwanga ungeingia. Wamebisha mara tatu, wakaondoka.
Wavumilie kidogo. Ua likichanua tu, watu watakuja.