Kuhusu Lori Linalofika Mapema na Ununuzi wa Tembo

Kamati ya Kituo cha Majani,
Ekerenyo.
Agosti, 1996.

Kwa Meneja wa Majani Mabichi,
Kiwandani.

Bwana Meneja,

KUH: LORI LENU KUFIKA MAPEMA

Pokea salamu za wakulima wa kituo hiki, ambao wote ni wazima isipokuwa wale wanaougua siku ya kupalilia tu. Mimi ni Nyangate, katibu wa kamati, na ninaandika kwa uchungu.

Kwa miaka mingi tulilizoea lori lenu. Tukishaleta majani ya chai kituoni, tulijua litakuja jioni, au kesho, au litakwama kwenye tope pale darajani na dereva aje kwa miguu kuomba jembe. Hatukulalamika. Mvumilivu hula mbivu, nasi tulijitafutia cha kuvumilia nacho: tulinunua mchezo wa falme kwa Bwana Subhash, mwenye duka mjini Kisii. Ni ubao wenye ramani, askari wa plastiki na dadu. Anayeteka miji mingi ndiye mfalme.

Sasa mmetuletea dereva mpya, Ogari. Malalamiko yetu ni haya:

1. Ogari hufika mchana. Hatujui nani alimfundisha tabia hii. Wiki jana Mzee Onsongo alikuwa amebakisha mji mmoja tu awe mfalme, jambo ambalo halijapata kumtokea maishani, hata nyumbani kwake. Honi ikalia. Kila mtu akakimbilia majani yake, na mbuzi wa jirani akapanda juu ya ubao akamaliza vita.

2. Bwana Subhash ameleta nyongeza ya mchezo huo. Katika sanduku moja mna visiwa, meli, tembo wa vita na kadi za mapatano. Tulimwomba atuuzie tembo na kadi peke yake, kwa kuwa sisi watu wa milimani hatuna haja ya meli. Mkewe Padma, ambaye hamfichi mteja kitu, alituambia, "Hii haifunguliwi, wazee. Ni yote ama mwache. Na mjue ni mchezo mrefu. Sisi tulianza baada ya chakula cha mchana, na cha jioni kikaungua." Kamati imekaa vikao na vikao bila kuamua, kwa sababu thamani ya nyongeza hii haiko dukani, iko kwenu. Lori likichelewa kama zamani, ni mali. Likiwahi, tutakuwa tumenunua tembo wa kuangalia.

3. Hili ni zito, ninaomba ulisome ukiwa umeketi. Makori, mweka hazina wetu, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Tangu tuzozane juu ya mpaka wa mashamba aliyotuachia baba, hatusalimiani. Tukikutana njiani, yeye hutazama migomba ya kulia, mimi hutazama ya kushoto. Lakini penye ubao huongea. Huku akiniteka mji ataniuliza kama mahindi yangu yalipona mvua ya mawe, na kama mguu wa mke wangu umepata nafuu. Lori likija hunyamaza, hubeba kikapu chake na kushika njia ya juu. Basi kila Ogari anapowahi, mimi hunyang'anywa ndugu. Nimemkosa sana, Bwana Meneja, na sioni aibu kulisema katika barua ya kamati. Padma alisema kwamba anayetumia kadi ya mapatano lazima apeane mkono na mwenzake. Ninazitaka sana kadi hizo.

4. Kwa hiyo tunaomba Ogari apewe lile lori la zamani, lile la kusukumwa. Kama mlishaliuza, basi apitie kwanza Nyansiongo akawasalimu wenye ng'ombe wa maziwa. Hilo nalo likishindikana, kamati iko tayari kuchimba shimo pale darajani kwa moyo wa harambee. Mtasema majani yakikawia yataungua kwa joto lake yenyewe ndani ya magunia na kuwa mekundu. Yalipokuwa yakiungua miaka yote hiyo hamkusema kitu, mlikata tu bonasi.

5. Kwa ajili ya haki, ninaweka pia maoni ya Nyaboke, mchumaji hodari kuliko sisi wote na mfalme wetu kwa mwezi mzima sasa. Alisema, "Yaani nyinyi wazee, chai ioze ndio mpande tembo?" Kamati iliyapokea maoni yake na kuyaweka kando.

Tunangoja jibu lako, na katika hili usichelewe. Wasalimie makarani wa mizani, hata yule mwenye kidole kizito, pamoja na mpishi wa chai ya wakubwa, na mkeo kama amesharudi kutoka kwao.

Wako katika kungoja,
Nyangate,
Katibu.

N.B. Barua za kamati hutiwa sahihi na watu wawili, hivyo nilimpa Makori hii aweke yake. Alisoma yote akiwa amesimama. Kifungu cha tatu alikisoma mara mbili. Kisha akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ya mtu anayemkaripia ndama, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Kwangu kuna meza. Kwani wewe unangoja lori ndio uje?" Akatia sahihi, akabeba kikapu changu pamoja na chake. Nyongeza tunanunua. Ninakuomba kesho Ogari aje mapema kadiri awezavyo.