Machozi ya Gatuanyaga na Afisa Aliyeyakausha

Muthoka wa Maluki,
Gatuanyaga,
Thika.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Kwa Bwana Muriithi,
Msimamizi wa Maafisa wa Kilimo wa Nyanjani,
Thika.

Ndugu Muriithi,

KUH: AFISA WAKO BI WARUGURU KUFUNGUA DIRISHA WAKATI WA MAOMBI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku tuko salama isipokuwa jina langu, ambalo ni mgonjwa sana, na ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mkulima wa mahindi na ndengu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kumi na wanne, na mpaka tarehe thelathini Aprili nilikuwa mtu wa maombi anayejulikana kutoka hapa hadi mtaa wa Githurai 45. Leo nikipita dukani watu hushika pua. Aliyenifikisha hapa ni Bi Waruguru. Sina ubaya naye kama mtu, ni binti mwenye adabu na huniita Mzee hata akiwa amekasirika. Kosa lake ni kusema ukweli mahali ambapo hakuna aliyemwuliza.

Nianze mwanzo ili usije ukasikia upande wake peke yake. Mapema mwezi wa Machi kikundi chetu kililetewa mbolea ya kukuzia, hii nyeupe inayoitwa yurea, magunia kumi na mawili. Yaliwekwa kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo yenye mlango wa chuma, na wezi wa huku hawaogopi mbwa. Mvua ikachelewa, mbolea ikangoja. Mke wangu Ndunge hapendi kitu kikae bure sebuleni, basi aliyapanga magunia kando ya ukuta na kuyafunika kwa vitambaa vyake vya kudarizi, vile vya maua. Yakawa viti. Wageni waliyasifu kwa kuwa hayana misumari.

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku mbili ikaenda zake. Mabati yangu yana tundu moja, na tundu hilo liko juu ya viti. Sakafu yetu ni ya udongo. Isitoshe, tangu Machi nilikuwa na vitoto viwili vya mbuzi vinavyolala pale pale kando ya magunia, tena kwa sababu ya wezi. Habari za mkojo wa mbuzi sitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa hii ni barua rasmi.

Kila Jumatano saa tisa alasiri tuna ibada ya nyumbani kwangu. Madirisha hufungwa kwa sababu ya vumbi la pikipiki. Jumatano ya kwanza baada ya ile mvua nilifungua kwa maombi, na sikuwa nimefika sentensi ya pili nilipomwona jirani yangu Muoki analia. Muoki hakulia alipomzika baba yake. Alilia mpaka akaungama mbele ya watu kwamba kuku wangu wa madoadoa aliyepotea mwaka 2022 alimla yeye. Jumatano iliyofuata walikuja watu ishirini, wote wakalia. Ya tatu akaja ndugu Zacharia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kimbo, Ruiru. Alilia kuliko wote, akakiri kwamba wilbaro ya kakake, toroli la kubebea mchanga, aliiba yeye, akairudisha wiki hiyo hiyo. Walikuwa hawajasemezana miaka sita. Siku hiyo hata kitoto kimoja cha mbuzi kilianguka kikitetemeka, tukasema ona, hata wanyama wameguswa.

Wazee wakaanza kunong'ona kwamba Muthoka afaa kuwa mzee wa kanisa. Jina langu liliandikwa. Kura ni Jumapili, tarehe moja Juni. Nimelitaka jambo hili tangu nikiwa na meno yote.

Ndipo Jumatano, tarehe thelathini Aprili, afisa wako akaja kukagua jinsi kikundi kinavyohifadhi mbolea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliingia bila kuvua kofia ya pikipiki, akakohoa mara mbili, akavuka katikati ya watu thelathini na mmoja waliofumba macho, akafungua madirisha yote mawili na mlango wa nyuma. Nilikuwa katikati ya neno. Upepo ukaingia, vumbi likaingia, na ndani ya dakika tano hakuna aliyekuwa analia. Najua jinsi inavyoonekana, lakini nakuuliza kama ni ustaarabu.

2. Alifunua kitambaa cha maua, akagusa gunia lililolowa, akanusa kidole, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mzee, hawa watu hawalii juu ya maombi. Ni mbolea inawachoma macho." Halafu akafundisha. Kwamba yurea ikilowa, ikakutana na udongo na mkojo, hutoa hewa iitwayo amonia, na hewa hiyo huchoma macho, pua na kifua, hasa nyumba ikiwa imefungwa na jua linapiga mabati. Alifundisha vizuri, hilo silikatai. Alitumia hata kijiti kuchora chini. Lakini angeweza kuniita pembeni.

3. Alimkuta ndugu Zacharia macho mekundu, amekuja kwa mara ya pili, ndiyo kwanza amefika katikati ya toba nyingine. Akamkalisha nje akamwosha macho kwa maji safi robo saa nzima. Maji yalipokwisha, Zacharia alikuwa amesahau alichotaka kuungama. Hatutakijua kamwe.

4. Yule mbuzi aliyeguswa alianguka tena siku hiyo, na Bi Waruguru alisema amelamba mbolea iliyomwagika. Aliomba siki na maji baridi, akampigia daktari wa mifugo simu, na kwa maelekezo yake akamnywesha. Mbuzi akasimama. Nafurahi kwamba alisimama, lakini nilikuwa nimeshamsimulia mchungaji habari zake, na mchungaji alizitumia Jumapili.

5. Matokeo ya hayo yote ni kwamba watu wanadai kurudishiwa toba zao. Muoki anasema kuku hakumla, ilikuwa kemikali ikisema. Zacharia alikuja kutoka Kimbo akasimama langoni, hakutaka hata kuingia, akaniambia: "Mzee, kama nililia juu ya fertilizer, basi hiyo kuungama haihesabiki. Nataka ile wilbaro." Nilimwambia wilbaro haiko kwangu, iko kwa kakake, na kakake ana haki nayo. Akasema mimi ndiye niliyemliza. Bwana Muriithi, mimi ni mkulima tu, sasa nimegeuzwa hakimu wa wilbaro.

6. Alichukua bakuli letu la kupimia unga, ambalo pia lilikuwa la kupimia mbolea, akaliandika MBOLEA kwa rangi nyekundu. Alikataza pia magunia matupu ya mbolea za zamani kubebea mahindi tunayompelekea binti yetu Dianah, ambaye anafanya kazi katika duka la dawa Githurai 45. Nilimweleza kwamba huwa tunayaosha. Akasema hata yaoshwe vipi si ya chakula. Mama yake alipomweleza, Dianah alinipigia simu akasema tu: "Aki Daddy, miaka hiyo yote?" Nilimjibu kwamba hajawahi kuwa mfupi. Akakata simu, na hajapiga tena.

7. Mbolea sasa imejengewa banda. Inakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, hewa inapita pande mbili, paa halivuji, kufuli ni mpya, na hairuhusiwi kukaa karibu na chakula, lishe ya mifugo, dizeli wala moto. Mimi nina miaka sitini na mmoja na sijawahi kulala mahali pa namna hiyo. Wageni wangu wanakaa chini. Na ninapokwenda shambani kunyunyiza lazima nivae glavu na kitambaa cha mdomo, hata majirani huuliza leo ninampasua nani.

8. Hili la mwisho nililiacha kwa sababu ni zito. Bi Waruguru alimwuliza mke wangu, si mimi, amekohoa tangu lini. Ndunge akasema tangu Machi.

Lazima nieleze. Ndunge ndiye mwanzishaji wa nyimbo kanisani kwa miaka ishirini na miwili. Tangu Machi alikuwa hawezi kumaliza ubeti mmoja. Akifika katikati sauti inakatika, anashika kifua, anakaa. Mimi niliwaambia watu kwamba ameguswa sana. Nilisema hivyo kanisani, nikasema hivyo kwenye ibada, na watu wakasema amina. Kila Jumatano tulimwekea mikono tukiombea kile kikohozi, yeye akiwa amekalishwa kwenye gunia lililolowa kuliko yote, kwa kuwa ndilo tulilodhani ni laini. Kitanda chetu kiko nyuma ya pazia, hatua nne kutoka hapo.

Afisa wako alimpandisha pikipiki akampeleka zahanati bila kuniomba ruhusa. Huko alipewa dawa ya kuvuta na akaambiwa asilale tena penye hewa hiyo. Wauguzi walimwuliza mumewe yuko wapi. Mumewe alikuwa nyumbani akiwaeleza watu thelathini kwamba Jumatano ijayo itakuwa kubwa zaidi. Niseme wazi kwamba niliposikia hivyo niliona aibu, na mzee akiona aibu huandika barua ya malalamiko.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, Bi Waruguru aandike barua yenye muhuri akithibitisha kwamba si machozi yote yalikuwa ya mbolea. Sitaki makubwa. Hata theluthi moja ikiwa ya kweli inanitosha. Yeye ana vipimo, mimi sina. Barua hiyo isomwe kanisani kabla ya tarehe moja Juni.

Pili, itajwe katika barua hiyo kwamba kuku na wilbaro vilikuwa vya kweli, vyovyote vile macho yalivyokuwa, kwa sababu amonia haimjui kuku wangu wa madoadoa.

Tatu, na hili nalisema kwa heshima zote, ofisi yako iniruhusu kurudisha sebuleni nusu gunia tu, kwa Jumatano moja tu, tarehe ishirini na nane Mei. Tangu madirisha yafunguliwe waliohudhuria ni wanne, na mmoja alikuwa amekuja kuomba jembe. Hakuna aliyelia. Mimi mwenyewe niliomba kwa saa nzima, macho makavu. Naamini kwa kila kitu kuna kipimo kilicho salama, hata dawa ya mafua ikizidi ni sumu. Naomba wataalamu wako wanipigie hesabu ya kiasi cha yurea kinachoweza kumliza mkulima wa kawaida bila kumdhuru, sebule ikiwa ya futi kumi kwa kumi na mbili. Ndunge siku hiyo nitampeleka kwa Dianah, kama Dianah atapokea simu.

Na kama hilo halitawezekana, basi naomba Bi Waruguru ahamishiwe mahali ambako watu hawaombi, ukipajua.

Nisalimie wote wa ofisini, nikianza na anayewapikia chai, na askari wa langoni aliyewahi kuniazima mwavuli. Msalimie mkeo na watoto. Bi Waruguru naye msalimie, kwa kiasi.

Wako katika kilimo na imani,

Muthoka wa Maluki
Mwenyekiti

Baada ya kutia sahihi:

Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikimngoja Muoki, ambaye ndiye huenda Thika siku za soko. Leo ni Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimekaa sebuleni, madirisha yote mawili wazi, Ndunge yuko nje anapepeta ndengu. Akaanza kuimba. Hakujua namsikia. Nilikaa nikingoja sauti ikatike pale inapokatikia, nikashika ukingo wa meza. Haikukatika. Akamaliza ubeti wa kwanza, akavuta pumzi kama mtu anayejijaribu, akaanza wa pili.

Bwana Muriithi, macho yangu yalijaa maji mpaka sikuona mlango. Nilidhani kuna gunia limebaki. Nilitazama nyuma ya kabati na chini ya meza, nikaenda hadi chini ya kitanda. Nimekuta kiatu kimoja cha Dianah cha shule ya msingi, na hakina mbolea.

Kwa hiyo naomba unijulishe kitu kimoja tu, kama amonia huweza kukaa ukutani wiki tatu. Ikiwa haiwezi, barua hii ichome, mbali na lile banda, na lile ombi la nusu gunia usilisome. Jina langu kwa Jumapili ya tarehe moja nitalitoa mwenyewe. Bi Waruguru akipita huku, mwambie chai iko na viti tutatafuta.

Muoki ameshafika kuichukua, anauliza nalia nini. Nimemwambia angoje nje kidogo, Ndunge yuko ubeti wa tatu.