Mkanda Mwekundu wa Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 6 Mei

Kiongozi wetu wa wodi anastaafu. Mkanda wake mwekundu unatafuta kiuno kingine. Asubuhi metroni katukusanya kwenye meza ya wauguzi, kasema atakayeuvaa ni mimi au Bi Kandambili. Ataamua Jumamosi, akishatutazama unadhifu wetu na namna tunavyoishi na wenzetu kazini.

Wenzangu wamenipa mkono wa heri. Mimi jasho linanitiririka. Mama mkwe nilishamwambia tangu mwezi uliopita kwamba mkanda ni wangu! Sikukusudia. Alikuwa anamsifu yule mkwe wake mwingine, mwenye duka la dawa, mdomo ukaniponyoka. Sasa anakuja Jumamosi hiyohiyo kujionea kwa macho yake.

Hata hivyo, Bi Kandambili ni nani? Anaburuta kandambili wodini, chwa, chwa, chwa. Anatafuna karanga mezani, maganda yamekuwa kichuguu. Wagonjwa wote anawaita waume zake, nao, bila haya, wanaitika. Mimi viatu vyangu unaweza kujitazamia ukachana nywele.

Sare tu ndiyo imelegea kidogo. Nimenunua wanga.

Jumanne, 7 Mei

Nimetia wanga pakiti nzima. Mke wangu alisema kijiko kinatosha. Mke wangu si muuguzi. Alfajiri nikaikuta suruali imesimama yenyewe pembeni ya kitanda, inanisubiri.

Kila hatua, kwara, kwara. Mzee wa kitanda cha dirishani, aliyevunjika nyonga lakini si ulimi, akauliza nani kaleta mbuzi wa kutafuna magazeti. Wodi nzima ikaangua kicheko. Hata yule aliyeshonwa tumbo alicheka, huku analia, huku ananilaani.

Nikainama kumpima mzee presha. Ukosi ukanikata shingo. Damu! Bi Kandambili akanikalisha kwenye kitanda kitupu, akanisafisha, akanibandika plasta, akaniambia pole mume wangu. Ndipo metroni akaingia. Akauliza nimelazwa tangu lini.

Jumatano, 8 Mei

Unadhifu umeniangusha. Nimehamia kwenye tabia za wenzangu.

Nimezificha kandambili zake stoo, nyuma ya mito mibovu, ili metroni amkute peku. Kumbe huzivaa kwa sababu ya bafuni. Yeye ndiye huwaogesha wagonjwa, na sakafu ile ni maji matupu. Akatangaza kwa upole kwamba bila kandambili haingii, asije akateleza na mtoto wa watu mikononi. Ila kaka yetu huyu, akasema, ana viatu vya soli nzito. Metroni alikuwa mlangoni. Akaliona wazo hilo jema sana.

Nimeogesha safu nzima. Maji moto, mvuke, na wanga mwilini. Hilo sikulipigia hesabu! Sare ikageuka gundi. Nikatoka bafuni kama bahasha iliyolambwa. Shuka la mgonjwa likaninata mgongoni, nikazunguka nalo wodini nikitoa maagizo, hakuna aliyeniambia.

Bi Kandambili ndiye aliyelibandua. Akaniuliza kama nimeziona kandambili zake. Nikasema sijaziona. Akasema basi, zitarudi zenyewe zikichoka kutembea.

Alhamisi, 9 Mei

Mtu mzima hakati tamaa. Anakata wenzake.

Nimemwona Bi Kandambili ana kucha nyekundu! Amepakwa rangi kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Nikaenda ofisini kwa metroni kwa unyenyekevu mkubwa, nikamwambia maradhi mengi wodini hupitia mikononi. Nikapendekeza kesho asubuhi atukague mikono, ghafla, bila kubagua. Metroni akavua miwani, akasema kumbe kichwani mwangu kuna kitu.

Nyumbani nimemwambia mke wangu anipimie kiuno.

Ijumaa, 10 Mei

Sijui niandike vipi.

Tukapanga mstari, mikono mbele. Bi Kandambili kucha fupi, nyeupe, safi kama za mtoto mchanga. Aliifuta rangi jana hiyohiyo usiku, harusi ilipokwisha. Metroni akampita, akasimama mbele yangu. Akauliza hii ni nini.

Ilikuwa pete. Pete ya ndoa, yenye jiwe, zawadi ya mama mkwe. Nimeivaa miaka yote hii mpaka nimesahau kwamba ipo. Pete yenye jiwe ni marufuku wodini, kama zilivyo hereni; inaficha uchafu na kuchana ngozi za wagonjwa. Najua. Kanuni hiyo huwasomea wanafunzi mimi mwenyewe.

Haikutoka! Tukatia sabuni. Tukatia mafuta. Kidole kikavimba, kikawa rangi ya biringani. Mzee wa dirishani akashauri kikatwe, akasema mimi vingine ninavyo. Bi Kandambili akaleta uzi wa kushonea vidonda, akapenyeza ncha chini ya pete, akauzungusha uzi kwenye kidole kuanzia juu ya pete hadi ukuchani, kisha akaanza kuufungua polepole kutoka chini. Pete ikapanda, ikapanda, ikatoka. Wodi ikapiga makofi. Mzee akatangaza kuwa sasa mimi ni kapera, mwenye binti ajitokeze.

Nikaona aibu. Nikamnyang'anya pete kwa hasira. Ilikuwa na sabuni. Ikanichomoka, ikagonga toroli la dawa, ikatumbukia ndani ya kasha la sindano zilizotumika.

Kasha hilo halifunguliwi. Mkono hauingii, hata wa daktari. Nani alisimama kikaoni juzi akalishikilia jambo hilo mpaka watu wakasinzia? Mimi. Jioni kasha limepelekwa kwenye tanuri. Moshi niliuona kutoka dirishani. Mzee naye aliuona, akasema pole, marehemu alikuwa na jiwe zuri.

Jumamosi, 11 Mei

Mkanda amepewa Bi Kandambili. Metroni amesema wodi inataka mtu ambaye wenzake wakiumia humkimbilia. Wiki hii, akasema, ameona kwa macho yake nani aliyekuwa akikimbiliwa na nani. Watu wote wakanitazama shingo na kidole.

Mchana mama mkwe akaingia, na kitenge kipya. Akautazama mkanda, akatazama kiuno changu, akauliza mbona uko kwa huyu mama. Nikajipapasa kiuno. Bi Kandambili akadakia, akamwambia mkanda una uzito wake, tunapokezana. Mama mkwe akauliza na pete iko wapi. Bi Kandambili akamwambia muuguzi anayejali wagonjwa haingii na pete wodini, mkweo ni mtu wa kanuni. Mama mkwe akafurahi mpaka akanishika shavu mbele ya watu. Akasema basi pete ataiona kesho nyumbani.

Nikaenda stoo. Nikazitoa kandambili, nikazifuta vumbi, nikamwekea chini ya meza yake. Akanisogezea karanga.

Nikasema moyoni, mimi na hila basi. Kesho namweleza mama mkwe ukweli wote.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amefika mapema. Pete? Nikafungua kinywa niseme ukweli. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mama mkwe akaanza kusema kwamba yule mwenye duka la dawa sasa anafungua la pili.

Nikasema pete iko kwa sonara, inapanuliwa. Akauliza kwa nini. Nikasema vidole vimenenepa kwa neema, kwa kuwa mkanda ule nimeuachia kabisa. Nimepanda tena. Mimi ndiye metroni mpya.

Mama mkwe amepiga vigelegele, majirani wametoka nje. Jumamosi ijayo anakuja na kikundi chake kizima cha akina mama kunipongeza ofisini.

Mke wangu amenifungia mlango wa chumbani. Nimekaa peke yangu ukumbini, kichwa mikononi, naona giza tupu.

Hapana. Nimekumbuka jambo.

Metroni huvaa hereni.