Gambuti za Masese na Mfumo wa Holistiki

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye hakufika lakini moyo wake uko nasi. Mwakilishi wa mwakilishi wake. Wachungaji wa Sabato na mapadri. Machifu, manaibu wao na wanaotarajia kuwa machifu. Wafanyabiashara wa soko la Nyaramba, wakulima wa chai, mabibi na mabwana, pamoja nami mwenyewe, Mkurugenzi Duncan Ogeto, ambaye mkinipigia makofi sitakataa: bwakire, kumekucha! (Makofi ya hapa na pale.)

Leo tunazindua Mfumo Jumuishi wa Tathmini Holistiki ya Mgonjwa wa Akili Aliyezidiwa, ambao, kwa mujibu wa dashibodi yangu, umeboresha huduma kwa asilimia tisini na saba nukta nne, jambo ambalo hata mastekiholda wa ng'ambo wanalionea wivu, kwani tathmini holistiki ni kumwangalia mgonjwa kiholistiki kwa njia ya tathmini. (Mzee mmoja: "Na kwa Kiswahili je?" Kicheko.)

Mzee, nitakupa mfano. Mwezi uliopita mchuma chai kutoka Gesima, Masese, aliletwa wodini amefungwa kamba na ndugu zake. Alipiga mayowe kwamba nyuki wamejaa chumbani, na nyumbani alikuwa amemrushia mamake sufuria ya uji. Daktari akaagiza sindano ya kumlaza. Mimi, niliyekuwa kwenye ziara ya ukaguzi na mpiga picha wangu, niliafiki, maana kelele zile zilikuwa zinaharibu video. Lakini nesi wa zamu, Drusilla, akasema, "Daktari, tungoje kidogo." Akachuchumaa kando ya mama mtu, Mama Mokeira, akamuuliza kwa Kigusii haya yalianza lini, kijana amekula nini, analala vipi, kama kuna msiba nyumbani. Mama akajibu, "Mpaka Jumapili alikuwa mzima. Jumatatu alirudi kutoka shambani akitetemeka kwa baridi, akalala na viatu."

Sasa sikilizeni uongozi! Nilimwambia, "Sista, huyu anaumwa akili, wewe unauliza habari za baridi?" Akanijibu, "Bwana Mkurugenzi, kichwa hakikuja hospitali peke yake." (Vigelegele. Mkurugenzi anapunga mkono akidhani ni vyake.)

Akawaambia ndugu walegeze kamba. Akamshika Masese mkono, akamwambia, "Niko hapa, siendi popote. Nikuvue viatu?" Kijana akaacha kupiga mayowe, akaitikia kwa kichwa. Akamvua gambuti. Wananchi, harufu! Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na kidole alichojikata kwa jembe kimeoza. Homa ilikuwa juu sana. Uchafu wa kidonda ulikuwa umeingia kwenye damu, ukamvuruga mawazo. Daktari mwenyewe alishtuka, akafuta ile sindano, akaandika dawa ya mshipani. Siku ya tano Masese aliuliza ni nani aliyemchoma mamake kwa uji. Alipoambiwa, alilia, na mama akalia naye.

Nauliza: angelazwa kwa sindano, gambuti zikiwa miguuni, leo tungekuwa wapi? (Mama Mokeira, kutoka katikati ya umati: "Matangani!") Asante, mama. Matangani, tena bila kiti cha wageni mashuhuri.

Huo ndio ufanisi wa mfumo wangu! (Drusilla anasimama nyuma: "Mfumo gani, Bwana Mkurugenzi? Nilikuwa peke yangu na wagonjwa ishirini na sita. Siku hiyo nilimwona huyo mmoja. Wale wengine sikuwahi kuwauliza hata majina ya mama zao.") Askari, mpeleke sista akanywe soda.

Kwa hiyo naahidi fomu ya kurasa arobaini na tatu, wokishopu katika hoteli yenye bwawa, na tableti ya kuijazia kwa kila muuguzi, ili asilazimike tena kumtazama mgonjwa. Nikisema tathmini, semeni holistiki! Tathmini! ("Holistiki!") Ogeto! (Mtu anakohoa.)

Nikimalizia, nawashukuru akina mama wa kwaya waliokubali kuvaa nyeupe na kukaa mstari wa mbele kama wauguzi tuliowafunza; nalishukuru duka lililotuazima utepe, ambao hatutaukata; na zaidi namshukuru Nesi Drusilla, ninayemwona akikataa soda na kukimbilia wodini kwa sababu hakuna aliyebaki huko, maana fomu haijaandikwa hata ukurasa mmoja, wodi haijaongezewa mtu, na kwa sasa, wapendwa, mfumo wote ndio ule unaovuka barabara.